Mikebe mitatu mlangoni: namna ya kulea huruma na utulivu wa moyo shuleni

Mwaka wangu wa tatu kazini, katika shule moja karibu na ufuo wa ziwa hapa Kisumu, nilikuwa na mvulana wa darasa la sita aliyelala kila siku baada ya mapumziko ya saa nne. Nilimwonya, nikamhamishia dawati la mbele, akalala. Siku moja nikamsimamisha juu ya dawati, mikono juu, nikaendelea kufundisha hesabu za sehemu. Darasa zima lilicheka. Jumatatu iliyofuata hakuja, wala wiki ile yote, wala iliyofuata. Mama mmoja anayeanika omena, dagaa wa ziwani, ndiye aliyenieleza: baba yake alikuwa ameondoka, na kijana alikuwa akiingia ziwani na mjomba wake usiku wa kiza, yeye ndiye wa kushika taa. Walikuwa wakirudi nchi kavu alfajiri. Ananawa uso, anavaa sare, anakuja kwangu.

Alirudi shuleni. Lakini hadi alipomaliza, hakuwahi tena kuinua mkono kujibu swali langu.

Adhabu ile niliitubia. Kinachonirudia zaidi, hata hivyo, ni kile kicheko. Watoto sitini na kitu walijifunza kwangu siku ile kwamba mwenzao akiaibika, huo ni wakati wa kucheka. Niliwafundisha vizuri kuliko nilivyowafundisha sehemu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa gredi ya 4 hadi ya 9, na hata wa sekondari akipenda, anayefundisha darasa kubwa lisilo na chumba cha ushauri nasaha wala bajeti. Nimeutumia kwa miaka kadhaa. Si lazima uanze hatua zote muhula mmoja, ila usiruke ya kwanza.

Kwanza tuelewane juu ya neno huruma. Tukisema "namwonea huruma", mara nyingi tunamtazama mtu kutoka juu: maskini, yatima, mgonjwa. Huruma ninayoizungumzia hapa ni ile iliyomo katika methali ambayo kila mtoto wa Kenya ameinakili daftarini: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kazi yetu ni kumzoesha mtoto kuuliza habari za kunguni kabla hajasema neno juu ya usingizi wa mwenzake.

Na umri ndio huu. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, na mengi hayatambuliwi. Miaka 14 ni mtoto wa gredi ya 8 au ya 9. Yuko mbele yako sasa hivi, amevaa sweta.

Hatua ya 1: Weka kiboko chini, kisha uutazame ulimi

Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikaongeza kwamba mwanafunzi asiadhibiwe kimwili wala asiteswe kiakili. Sote tunajua kwamba fimbo bado zipo nyuma ya kabati nyingi. Sitabishana na mwalimu anayesema watoto wa siku hizi hawasikii. Nitamwomba ajaribu kwa muhula mmoja tu, kwa sababu mtoto anayekuja shuleni akihofia mkono wako hawezi kukuambia kwamba kaka yake mkubwa amemgeukia usiku.

Ulimi ni mgumu kuuacha kuliko fimbo. "Wewe kichwa maji." "Mama yako alikutuma kulala hapa?" Maneno haya hayaachi alama mguuni, na kwa hiyo hakuna mzazi atakayekuja kulalamika. Fanya hivi: kwa wiki moja, kila ukikaribia kumfokea mtoto, badilisha swali lako. Badala ya "Una shida gani wewe?" sema "Kumetokea nini?" Na umwulizie pembeni, dirishani au nje ya mlango, mbali na masikio ya watu sitini. Utashangaa ni majibu mangapi yanaanza na neno "nyumbani".

Kosa bado ni kosa. Aliyechana daftari la mwenzake analinakili upya. Aliyechafua darasa anafagia. Adhabu ifanane na kosa, na isiwe na watazamaji.

Ukiwa peke yako utafanikiwa nusu, maana watoto watatulia kwako na kutetemeka kwa mwalimu wa kipindi kinachofuata. Kaa na naibu wa mwalimu mkuu mapema. Usimhubirie. Mwombe dakika kumi tu katika mkutano wa walimu, usimulie kisa kimoja cha kweli bila kumtaja mtoto.

Hatua ya 2: Mjue mtoto anatoka wapi

Chukua daftari moja na wiki mbili. Kila siku ongea na watoto sita au saba, dakika tatu kila mmoja, wakati wa uji au wakimaliza kazi. Maswali ni manne: Unaishi na nani? Nani anakuamsha asubuhi? Njiani unapita wapi? Kitu gani unakijua kuliko watu wote wa nyumbani kwenu? Hili la mwisho ndilo litakalomfungua. Nimewahi kuambiwa "kushona nyavu", "kumtuliza ng'ombe wa nyanya akikamuliwa", na "kupiga hesabu ya madeni ya dukani".

Daftari hilo lisikae mezani. Na usiandike humo hali ya mtoto ya afya, hasa anayetumia dawa za virusi vya Ukimwi. Hiyo ni siri yake na ya mlezi wake, na anayeitunza ni yule tu mlezi aliyemweleza.

Kila eneo lina mizigo yake. Uwanda wa Kano na Budalang'i ni mafuriko: mvua za Aprili na Mei 2024 ziliwatoa watu nyumbani, na mtoto aliyewahi kuamka maji yakiwa chini ya kitanda husikia wingu likinguruma tofauti na wewe. Kwa hiyo mvua ikianza kugonga mabati mchana, angalia nani anaacha kuandika. Kwenye fuo ni kazi ya usiku. Katika ukanda wa miwa, kiwanda kikikwama, karo hukwama na wazazi hugombana. Nyalenda, Manyatta, au Kaptembwa kule Nakuru, wengi wanaishi chumba kimoja ambamo hakuna ugomvi wa watu wazima usiosikika. Na kila mahali wapo watoto wanaolelewa na nyanya, ambao wengine wao ndio wanaomlea nyanya.

Hatua ya 3: Wape maneno

Hapa ndipo ningekusihi ukae sana.

Mwulize mtoto wa Kisumu anavyojisikia atakujibu "poa". Amefiwa, poa. Ameshinda na njaa, poa. Si kwamba anaficha kila mara. Mara nyingi hana neno, na jambo lisilo na neno hutoka kwa ngumi, au kwa kunyamaza, au kwa tumbo kuuma kila Jumatatu asubuhi.

Bandika karatasi ya manila ukutani. Andika maneno mawili tu kila wiki, usiyamwage yote siku moja. Anza na yale wanayoyajua: furaha, huzuni, hasira, hofu. Kisha ingia ndani: aibu, upweke, kinyongo, majuto, fahari, wasiwasi, simanzi, jakamoyo. Watoto hulipenda sana neno jakamoyo, lile fukuto la moyo usiojua kinachokuja. Gredi ya 9 yangu walilitumia muhula mzima wa mtihani, na bora hivyo kuliko kutapika.

Wafundishe kutenganisha maneno yanayokaribiana. Aibu unaiona kwa ulilolifanya. Fedheha unatendewa mbele ya watu. Wivu unaweza kuwa wa kutaka nawe upate. Kijicho ni kutaka mwenzako akose. Huzuni inapita, simanzi inakaa. Msichana mmoja aliniambia, baada ya somo hili, "Mwalimu, mimi sikuwa na hasira na Akinyi. Nilikuwa na fedheha, halafu nikamrukia." (Jina si lake.) Mtoto akiweza kusema hivyo, nusu ya ugomvi umekwisha kabla ya kengele.

Kiswahili chenyewe kimeshatusaidia, kwa kuwa kimeweka hisia mwilini: roho mkononi, tumbo joto, damu kuchemka, uso kukunjamana, moyo kudunda, koo kukauka. Chora mwili wa mtu ubaoni, uwaulize hasira inaanzia wapi kwako. Mmoja atasema masikioni, mwingine magotini. Anayejua kwamba hasira yake huanzia masikioni ana sekunde chache za kuondoka kabla haijafika mikononi. Hayo ndiyo manufaa ya zoezi hili, na waambie hivyo wazi.

Usiwanyime lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kijaluo akisema "chunya lit", moyo wangu unauma, amesema zaidi kuliko angesema kwa Kiingereza chako cha darasani. Kazi ya nyumbani ya wiki hiyo: nenda kamwulize nyanya au mama neno moja la kwenu la huzuni, na moja la furaha, na lilitumika lini mara ya mwisho. Watarudi na hadithi.

Hatua ya 4: Mikebe mitatu

Tafuta mikebe mitatu mitupu ya mafuta ya kupikia. Uoshe, ubandike picha: jua kwenye wa kwanza, wingu kwenye wa pili, mvua kwenye wa tatu. Uweke kwenye kiti nyuma ya mlango, mahali ambapo mwili wa anayeingia unaziba mkono wake. Kando weka bakuli la maharagwe. Kila mtoto akiingia asubuhi anachukua punje moja na kuidondosha katika mkebe unaofanana na moyo wake. Haulizwi. Hataji jina.

Siku za kwanza ni vurugu. Wataweka punje tano, watazirushiana, na wengine watajaza mkebe wa mvua ili waone utafanya nini. Usikasirike. Wiki ya pili mchezo huisha. Utaanza kusikia sauti: punje ikidondoka kwenye mkebe ulio karibu kuwa mtupu hulia kwa nguvu, tang, na watoto wa kwanza kufika wanaisikia. Kwa hiyo weka kitambaa chini ya kila mkebe. Hili nilifundishwa na mvulana aliyekuwa anasubiri wengine waingie kwanza ndipo naye aweke yake.

Kengele ikilia, hesabu haraka na useme mbele yao, kwa sauti ya kawaida: "Leo jua ni 38, wingu 19, mvua 7. Wale saba, karibuni. Tuko nanyi. Nitakuwa chini ya mwembe saa nne." Basi. Usihutubie. Mtoto mwenye mvua moyoni amejua vitu viwili: kwamba hayuko peke yake, na kwamba kuna mti wa kwenda. Na wale 38 wenye jua wamejua kwamba saba kati ya watu walioketi nao wanaumia, nao hawajui ni nani, kwa hiyo wawe waangalifu na kila mtu. Sijaona somo la huruma fupi kuliko hilo.

Baada ya kuhesabu, pumueni pamoja mara tano. Wadogo waambie washike kikombe cha uji cha kuwaza tu: vuta harufu yake polepole hadi nne, kisha upulize upoe hadi sita. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoutuliza moyo unaodunda. Wakubwa wa gredi ya 8 wataona haya kushika kikombe hewani. Wao waambie wahesabu tu.

Yote haya huchukua dakika nane. Ziibe kwenye muda wa kuita majina.

Hatua ya 5: Duara la wiki

Ratiba ya mtaala wa umilisi (CBC) ina kipindi cha PPI, yaani cha malezi ya kiroho na maadili, mara moja kwa wiki. Katika shule nyingi hugeuzwa kuwa hisabati ya ziada. Kirudishe. Maadili ambayo mtaala wenyewe unayataja, upendo, heshima, umoja, amani na mengineyo, hayawezi kuota kwa kuandikwa kwenye kona ya andalio la somo.

Watoto 65 hawawezi kuwa duara moja. Wagawe kumi kumi, nje kivulini kama hamna nafasi, na kila kundi liwe na kiongozi. Kiongozi asiwe kiranja. Chagua yule ambaye wengine humwendea wakiwa na shida. Waulize kwa siri, kwenye vikaratasi, na jina lilelile litajirudia. Wafundishe viongozi hao siku moja kabla. Usiogope kuwaamini vijana: Taasisi ya Shamiri hapa Kenya imewatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wenye wanafunzi 413, ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kwao kuliko kwa waliopewa mafunzo ya mbinu za kusoma. Vikao vile vilihusu mambo mepesi kuyasema: kwamba mtu anaweza kukua, shukrani, na yale unayoyathamini.

Kanuni za duara ni tatu. Anayeshika jiwe ndiye anayesema. Hakuna anayelazimishwa, unaweza kupitisha jiwe kimya. Linalosemwa hapa halibebwi nje, isipokuwa kama mtu yuko hatarini. Hiyo ya tatu uiseme kila wiki, yote mpaka mwisho wake, maana utakuja kuihitaji.

Maswali yawe madogo. "Nani alikutendea wema wiki hii, na ulijuaje ni wema?" "Ni lini ulidhani mtu ana maringo, kumbe ana haya?" Usiulize "Shida yako kubwa ni ipi?" Utafungua jeraha mbele ya watu kumi na kengele italia.

Hatua ya 6: Mwalike mtoto mchanga

Wazo hili lilianzia Toronto, Kanada, mwaka 1996, kwa mwalimu aitwaye Mary Gordon. Mpango wake huleta mtoto mchanga na mzazi wake darasani mara tisa katika mwaka, na wanafunzi humsoma mtoto yule: anataka nini, anaogopa nini, ameongeza nini tangu mwezi uliopita. Niliposoma habari zake nilijiambia, sisi watoto wachanga tunao tele, tunachokosa ni kuwaketisha wakubwa wawatazame.

Nilimwomba binti wa mpishi wetu, mwenye mtoto wa miezi minne. Alikuja mara moja kwa mwezi, dakika ishirini na tano. Tulitandika leso mbili sakafuni, watoto wakakaa kuzunguka, madawati yamesukumwa ukutani. Sharti langu kwao lilikuwa moja: hamshiki, mnatazama.

Ziara ya pili, mtoto alilazwa kifudifudi, na mbele yake, mbali kidogo na vidole, mama akaweka kijiko cha mbao. Alinyoosha mkono. Hakufika. Akanyoosha tena, akagugumia, uso ukabadilika rangi. Darasa kimya. Wengine walikuwa wameinama mbele bila kujua, kana kwamba wangeweza kumsukuma kwa macho. Nikauliza, "Anahisi nini sasa?" Wakasema hasira. "Mmejuaje?" Miguu inapiga chini. Ngumi zimefungwa. Halafu akalia, na msichana mmoja akataka kumpa kijiko. Nikamuuliza mama, akasema mngoje kidogo. Ndipo sauti ikatoka nyuma, ya mvulana ambaye alikuwa amefika ofisini mara tatu muhula ule kwa kuwapiga wadogo: "Si kijiko. Amechoka na sisi tunavyomkodolea macho. Nyote tazameni kando." Tukatazama kando. Mtoto akanyamaza.

Mama akacheka, akasema kweli, hata nyumbani huwa hivyo wageni wakijaa. Mvulana yule alikaa na sura ambayo sikuwahi kuiona kwake. Nikamwambia tu, "Umemsoma vizuri." Siku chache baadaye nilipomkuta amemkaba mtoto wa gredi ya 4, swali langu lilikuwa tayari: "Msome huyu. Anahisi nini?" Alimwachia.

Chagua mtoto mwenye afya, omba ruhusa ya mwalimu mkuu kwa maandishi, watoto wenye mafua wakae nyuma siku hiyo, na mama apewe chai na nauli. Ukikosa mtoto mchanga, kuku aliye na vifaranga anasaidia kidogo, lakini si sawa.

Hatua ya 7: Ugomvi

Wakipigana, watenganishe kwanza, maji wanywe, wapumue. Kisha waite wote wawili na maswali haya kwa mpangilio, kila mmoja ajibu mwenzake akisikiliza: Kumetokea nini? Ulikuwa unahisi nini? Unadhani mwenzako alihisi nini? Nani mwingine ameumia? Kifanyike nini ili mambo yatengenezeke? Swali la tatu ndilo gumu. Usikubali "sijui" mara ya kwanza. Mrudishe kwenye karatasi ya manila, achague neno.

Usiwalazimishe kusema pole. Pole ya kulazimishwa ni kinyongo kilichovaa tai.

Na hapa niseme la makabila, maana Nakuru na Kisumu tunalijua. Mwanzoni mwa 2008 baadhi ya walimu wa leo walikuwa wanafunzi waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi na mifuko ya plastiki. Utani wa jina la ukoo, wa matamshi, wa vyakula vya watu, huanza darasani kama kicheko. Wachanganye kwenye makundi ya duara tangu muhula wa kwanza, uwape kazi ambayo haiwezekani bila mwenzake. Uchaguzi ni Agosti 2027. Ukingoja kampeni ndipo uanze, utakuta watoto wameshafundishwa na wengine.

Hatua ya 8: Mzigo ukiwa mzito kuliko wewe

Ukiwafungulia mlango, siku moja mtoto ataingia na jambo zito. Jiandae kabla.

Dalili za kutazama ni mabadiliko: aliyekuwa akicheza ameacha, anayekula amekoma, alama zimeanguka ghafla, mikono mirefu ya sweta wakati wa joto, anagawa vitu vyake anavyovipenda, anasema "sitawasumbua tena". Akikuambia, kaa chini ili macho yenu yalingane. Sikiliza. Usimwulize "kwa nini hukusema mapema?" Mwambie umemwamini na kwamba kosa si lake. Akianza na "Mwalimu, niahidi hutamwambia mtu", jibu ni hili: "Siwezi kukuahidi hivyo, kwa sababu nikiona uko hatarini lazima tupate msaada. Ninachokuahidi ni kwamba nitakuambia kila mtu nitakayemwambia, kabla sijamwambia." Nimeona watoto wakinyamaza kidogo, kisha wakaendelea.

Ukishuku anafikiria kujiua, mwulize waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, humpa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata dakika moja, mjulishe mwalimu mkuu na mlezi mnayemwamini, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wazazi wengine huogopa polisi kwa sababu ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Waambie huyu ni mgonjwa, si mhalifu.

Kama ni ubakaji au unajisi, hospitali kwanza, na ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi baada ya hapo. Asioge. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu ina kitengo cha waathiriwa wa dhuluma hizi. Kisha dawati la jinsia katika kituo cha polisi na afisa wa watoto. Usikubali kamwe jambo hili limalizwe kwa mzee wa mtaa na mbuzi. Kama mtuhumiwa ni mwalimu mwenzako, utaratibu ni uleule. Kuficha ni kosa, na Tume ya Huduma kwa Walimu imeliweka wazi tangu waraka wake wa 2010.

Namba za kuandika ubaoni na kwenye milango ya vyoo, ambako mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana: 116 ni ya watoto, haina malipo, mchana na usiku. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia.

Baada ya hapo, wewe si daktari. Kazi yako ni kuendelea kumwita jina lake kila asubuhi kwa sauti ileile.

Hatua ya 9: Wazazi

Usiwaite kwa mkutano wa "afya ya akili"; nusu watadhani shule imepata wendawazimu. Waite kutazama kazi za watoto, kisha uwaonyeshe mikebe, uwape punje waweke zao. Katika kikao kimoja mkebe wa mvua ulijaa hadi juu. Akina baba walikuwa wa mwisho kuondoka.

Waombe jambo moja tu nyumbani: wakati wa chakula, kila mtu, mzazi akiwemo, aseme neno moja la siku yake kutoka kwenye ile karatasi.

Hatua ya 10: Wewe mwenyewe

Kusikiliza kunachosha kuliko kufundisha. Tafuta mwalimu mmoja mtakayezungumza naye Ijumaa jioni, nusu saa, bila kutaja majina ya watoto. Ukianza kuota kesi za watoto, au ukijikuta umerudi kwenye kufoka, pumzika wiki moja kwenye duara na umwachie mwingine. Uweke punje yako pia kila asubuhi. Watoto hutazama unaiweka wapi, na siku utakapoiweka kwenye mvua, usishangae mmoja akikusubiri chini ya mwembe saa nne.

Mwisho wa muhula usiandike ripoti ndefu. Tazama mambo manne: ni wangapi walioletwa ofisini kwa kupigana, ni wangapi waliokosa shule Jumatatu, mkebe wa mvua ulikuwa na punje ngapi wiki ya kwanza na ya mwisho, na mtoto akikosea jibu darasani, je, wenzake wanacheka? Mkebe wa mvua ukiongezeka katikati ya muhula usikate tamaa. Huenda wameanza kusema kweli. Muhula wa tatu, mitihani ikikaribia na kila mtu akitaka dakika zako nane za asubuhi ziwe za marudio, mikebe ibaki palepale nyuma ya mlango, na kitambaa chini yake.